Kibodi ya Mwalimu wa Taipu

Mwalimu wangu wa taipu alikuwa na tabia moja iliyotutesa sana: alikuwa anasikia makosa. Hasomi, anasikia. Anakaa mbele kabisa katupa mgongo, anachambua mchicha kwenye ungo, sisi nyuma yake tunagonga kibodi, halafu ghafla anasema bila kugeuka, "Wewe wa dirishani, umeruka herufi. Rudia." Wa dirishani ndiye mimi. Mpaka leo sijui alikuwa anasikiaje. Ninachojua ni kwamba jasho lilikuwa linanitoka hata mwezi wa saba, na mwezi wa saba Songea watu wanatembea na makoti.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga duka narudi kutikisa kufuli, naondoka, narudi tena. Nikitaka kutuma pesa kwa simu naisoma ile namba mpaka kioo kinazima. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwa mwalimu mwenye masikio kama yale unamtafutia ugonjwa. Na bado, katika walimu wote walionipitia, hakuna niliyempenda kama yeye. Nikimkumbuka hanijii kwa mpangilio, ananijia vipande vipande, kwa hiyo nitamweleza hivyo hivyo.

Darasa lilikuwa sebule ya nyumba yake, Mjimwema. Makochi yamesukumwa ukutani, katikati meza za mbao na kompyuta kuukuu za mezani, kila moja na kibodi yake kubwa nzito. Tukishaweka mikono, anapita na khanga zilizochakaa, anatufunika vidole mmoja mmoja ili tusione vitufe. Mwanafunzi mpya akilalamika kwamba haoni kitu, anaambiwa, "Kila herufi ina nyumba yake. Wewe unakaa Mjimwema, kila siku ukitoka mjini unauliza njia ya kwenu?" Watu wanacheka, mgeni anaona haya, somo linaendelea.

Kidole alichokifundisha kwanza ni kile kidogo cha mkono wa kushoto, kidole cha A. Shule nyingine wanaanza na vidole vya kati kwa sababu vina nguvu. Yeye alikataa. "Kiswahili kinakula A," anasema. "Baba, mama, kaka, dada, maharage, barabara. Kidole hiki kikiwa legelege, huna unachokiandika." Basi wiki ya kwanza nzima tulikuwa tunaandika maharage. Nilikuwa nikilala kidole kinacheza chenyewe juu ya blanketi, mama yangu anauliza kama nimeumwa na kitu.

Kibodi za pale zote zilikufa kwa kuanzia A. Kwanza ule mchoro wa herufi unafutika, kitufe kinabaki cheupe. Halafu kinalegea. Halafu kinaanza kugoma, unagonga hakitoi kitu. Yake mwenyewe ilikuwa mbovu kuliko zote, lakini hakukubali kuibadilisha, kwa sababu alikuwa anajua dawa yake. A ya kwenye kibodi ile ilikuwa inataka ipigwe pembeni, juu kushoto, kwa nguvu na kwa haraka, kama unaua sisimizi. Kile kidole chake kilikuwa kinafanya hivyo bila hata yeye kufikiri. Sisi wengine tukijaribu, hakuna kitu. "Inanijua mimi," anasema, na anaonekana kufurahi kabisa.

Kitu kingine alichokichukia ni kufupisha maneno. Hapo ndipo ungeona mama wa watu anabadilika rangi. "Ntk" badala ya nataka, "cjui" badala ya sijui, hayo alikuwa anayasoma kwa sauti hivyo hivyo yalivyo, "ntkkk," mpaka darasa zima linaanguka kicheko na wewe uliyeandika unatamani ardhi ipasuke. "Andika neno lote. Umebanwa na nani?" Na hakuwa mkali darasani tu. Siku moja nilimtumia ujumbe wa simu, "Nakuja mwl." Akajibu, "Mwl ndiye nani?" Nikaandika upya, "Ninakuja, Mwalimu." Akajibu, "Karibu, mwanangu. Njoo na nyanya." Koma zipo, nukta ipo, kila kitu kipo.

Lakini mtu huyo huyo, anayekufukuzia herufi moja iliyoruka, alikuwa anabadilisha barua za watu. Nimeona kwa macho yangu. Alikuwa anawaandikia majirani barua, na kuna siku alikuja bwana mmoja kapandwa na hasira, anamtaka amwandikie mwenye nyumba wake kuhusu paa linalovuja. Bwana anatamka matusi, Mwalimu anagonga kibodi, tena kwa bidii, uso umetulia. Alipochapa, bwana akasaini bila kusoma, akaondoka anatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nikaisoma nakala iliyobaki kwenye kioo. "Kwa heshima na taadhima, napenda kukukumbusha juu ya paa letu." Tusi hata moja hakuna. Nikamwangalia. Akasema, "Paa litazibwa. Utaona." Na kweli lilizibwa, na yule bwana akawa anatangaza mtaa mzima kwamba barua yake ilimtia mwenye nyumba adabu.

Wasiwasi nao alikuwa nao, ingawa alikuwa ananisema mimi. Wake ulikuwa wa umeme. Kila akiweka nukta anahifadhi kazi. Wingu likitanda upande wa Matogoro, hata halijanguruma, anapita anachomoa nyaya zote ukutani, na sisi tunakaa gizani na khanga mikononi tunasubiri mvua ambayo mara nyingi haiji. "Mnacheka," anasema, "kazi ya siku nzima ikipotea mtalia." Kisha anaanza kutusimulia kazi za watu zilizopotea, moja baada ya nyingine, kama wengine wanavyosimulia ajali. 

Sasa nije kwenye gemu. Kwake gemu ilikuwa marufuku. Ukikutwa umefungua hata ile ya karata, unatoka nje unakwenda kumwagilia mboga. Jioni moja nilikuwa nimesahau sweta langu, nikarudi kulichukua. Nafika mlangoni nasikia kibodi inalia mfululizo, na sauti yake: "Ua! Ua hilo! Yesu na Maria, limepita!" Nikadhani amevamiwa. Nikasukuma mlango. Amesimama, Mwalimu wangu, kilemba kimeteleza nyuma, kwenye kioo maneno yanashuka kutoka juu na yeye anayaandika kabla hayajagusa chini. Kila akimaliza neno linalipuka. Yalikuwa maneno ya Kiingereza, mengine wala hajui maana yake, na hakujali.

Aliponiona akasema, "Ninafanya mazoezi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaniangalia sana. Halafu akavuta kiti kwa mguu. "Kaa."

Tangu siku hiyo tukawa tunashindana, mara kwa mara, wengine wakishaondoka. Alikuwa ananifunga, na akinifunga hana huruma hata kidogo: anapiga makofi, anauliza nilisomea wapi taipu, anasema mwalimu wangu inabidi ashtakiwe. Kesho yake darasani anasimama mbele, uso mkavu, "Nikimkuta mtu na gemu, namfukuza," na macho hayanifikii kabisa. Ugonjwa wa gemu nilionao mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye duka langu la steshenari, niliupata kwa mwanamke yule wa Jumuiya, mwenye rozari mfukoni.

Kiharusi kilimkuta miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimeshafungua duka, asubuhi, anafagia uwanja. Kilichukua upande wa kushoto, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Hospitali walisema ulimi ndio ulioguswa, akili iko salama, mfanyisheni mazoezi. Mdogo wake, ambaye mimi namwita Mama Mdogo, akahamia pale kumuuguza. Ni mama mwema, nisimsingizie. Alikuwa anambeba dada yake kama mtoto, anamwogesha, anamlisha, na usiku analala chini pembeni ya kitanda. Ila maneno ya Mwalimu yalipotoka yalikuwa mvumo tu, na Mama Mdogo alikuwa anabahatisha, na akibahatisha vibaya Mwalimu anafunga macho.

Mimi nilikuwa nakwenda kumwona, naongea peke yangu, naondoka mgonjwa zaidi yake. Nilikuwa naogopa kumwangalia ule mkono wa kushoto ulivyolala mapajani. Kile kidole.

Siku moja nikamkuta Mama Mdogo jikoni analia. Akaniambia akili ya dada yake imekwenda.

"Nani kasema?"

"Nimeona mwenyewe, mwanangu. Juzi nilimkalisha kwenye kompyuta yake, nikamwambia, dada, ulimi hauwezi, basi andika. Akaandika kwa huu mkono mzima. Angalia."

Akanionyesha picha aliyoipiga kwenye simu yake. Kwenye kioo cha kompyuta kuna maneno mawili: *ntk mji*.

"Nikasema haya, anataka mji," Mama Mdogo akaendelea. "Amechoka kukaa ndani, anataka kuona watu. Nikaita bajaji. Tukamzungusha sokoni, tukampitisha stendi, tukamrudisha. Njia nzima machozi yanamtoka, nikasema ni furaha. Tunafika hapa anaandika tena hivyo hivyo, mji, mji. Mtu katoka mjini sasa hivi! Halafu hilo neno la mbele, ntk, ndiyo lugha gani? Nikajua basi, amekwenda."

Mimi nimesimama pale na simu mkononi. Mwalimu yule? Mwalimu aandike ntk? Labda afe kwanza. Nikaitazama picha tena na ndipo nikaona.

"Mama Mdogo, si mji. Ni maji. Nataka maji. Hiyo kibodi A yake haitoki, inatoka kwa mkono wake wa kushoto tu. Alikuwa na kiu!"

Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu ambaye naye msiba umemgusa kichwani. "Mwanangu," akasema polepole, "usijitese." Akaniambia habari nyingine: mtoto wa kaka yao, anayelima korosho Nakapanya, anakuja mwisho wa wiki kumchukua. Ana nyumba kubwa, ana mke, Mwalimu atatunzwa. Nyumba hii ya Mjimwema itapangishwa.

"Na yeye Mwalimu anasemaje?"

"Tumwulize nini, na haelewi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kikweli kweli. Wasiwasi wangu wa kila siku ni wa kufuli na namba za simu. Huu ulikuwa mwingine. Mtu mzima na akili zake anakwenda kupakiwa kwenye gari kama gunia, kisa kitufe kimoja kibovu, na anayejua ni mimi peke yangu, mimi ambaye hata duka langu siamini kama nimelifunga.

Kesho yake nikaenda na kibodi mpya kutoka dukani kwangu, zile za kawaida tunazouza kwa maofisi. Nikasema inatosha. Haikutosha. Ni ndefu, ina zile namba pembeni, ukiiweka mapajani kwa mgonjwa inaning'inia huku na huku. Vitufe vyake vya mpira vinataka uvisukume mpaka chini, na kufika kwenye A Mwalimu ilibidi auvushe mkono wa kulia mwili mzima, bega linainuka, mkono unatetemeka. Aliandika *n*, akaanza safari ya kwenda A, mkono ukachoka, ukaangukia katikati. Kioo kikajaa *hhhhhhhh*. Akaisukuma kibodi na kugeuza uso ukutani.

"Unaona?" Mama Mdogo akasema, taratibu, bila kunisema vibaya.

Mimi kwa miezi mingi nilikuwa natafuta kujinunulia kibodi ya gemu, zile ndogo, zilizokatwa namba za pembeni na kubana kila kitu. Kila kitufe kina swichi yake chini, unabonyeza kidogo tu, hata hakijafika mwisho, herufi imeshatoka. Nilikuwa nimezisoma mpaka nikachanganyikiwa, kila nikitaka kununua naona nyingine, naogopa, naacha. Sasa nilitakiwa kuchagua ndani ya siku chache, na siyo kwa ajili yangu.

Ndogo ndiyo, mkono mmoja ufike kila mahali. Lakini ndogo kiasi gani? Nikapata moja ya bei nzuri sana, nikaifurahia, kisha nikaona kwamba ili ibane wameunyima mkwaju kitufe chake, kile kimstari kilichoinama, umefichwa kwenye kitufe cha mshale. Nikawaza barua zote alizotufundisha, Kumb. Na. halafu herufi, mkwaju, namba, mkwaju. Nikajiona nampelekea Mwalimu kibodi isiyo na mkwaju. Hapana. Mtu anaumwa, hajafikia kudharauliwa. Nikaiacha.

Halafu swichi. Kuna nyepesi zisizo na kelele, wacheza gemu tunazipenda, lakini mkono unaotetemeka ukiegemea tu zinamwaga herufi. Kuna zenye mlio mkali, kila ukibonyeza tak, mgonjwa angejua ameshika, ila ni ngumu, zingemchosha. Nikachukua za katikati, zile za kahawia, zenye kinundu kidogo unachokisikia kwenye ncha ya kidole.  Nikabadilisha mawazo. Nikarudi pale pale.

Mpya sikuiweza. Nikampata dada mmoja Dar anayeuza yake aliyoitumia, akanitumia sauti: "Kaka, hiyo nimeichezea gemu miaka yote, haijawahi kuniangusha. Ina kibano chake cha kung'olea, swichi zinachomoka. Za akiba ndiyo sina." Akaipakia kwenye basi. Nami nikaanza kuisubiri, na kusubiri ndiyo kazi nisiyoiweza kuliko zote. Basi likachelewa. Liliharibika njiani, wakasema, halafu wakasema linakuja, halafu simu ya kondakta haipatikani. Asubuhi ya safari ya Mwalimu nilikuwa stendi nimeshika kichwa. Lilipoingia nilichukua mzigo nikapanda bodaboda bila kuufungua, namwambia dereva akimbize, halafu namwambia apunguze tusianguke.

Pikapu ilikuwa imeshaegeshwa uwanjani. Godoro la Mwalimu liko nyuma, mtoto wa kaka yake anakaza kamba. Jamaa mrefu, mpole, kofia kichwani. Tukaingia ndani wote. Akamsalimia Mama Mdogo kwa heshima zote, akanisalimia mimi, akaanza kukusanya mabegi. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mikono, amevalishwa koti na kilemba kisafi, na mtu yule alimpita mara mbili kama anavyopita kabati. Nikamwinamia nikamwambia nimeleta kibodi. Akageuza uso ukutani tena.

"Ndugu yangu," yule jamaa akasema, "njia ni ndefu, tusije tukafika gizani."

"Dakika chache, kaka. Nakuomba."

Nikawasha kompyuta. Nikachomeka. Nikaweka ile kibodi juu ya sinia, sinia mapajani kwake. Ikaenea vizuri. Nikajaribu kwa haraka: n ipo, k ipo, h ipo. Nikabonyeza A. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikaigonga pembeni, juu, chini. Jamani! Nilisahau kwamba na sisi wacheza gemu tunakula A, ndiyo ya kukwepea kushoto, inapigwa usiku na mchana. Nimemletea Mwalimu kibodi yenye ugonjwa ule ule.  Nilitaka kulia mbele za watu, na nadhani nilishaanza.

Nikachukua kile kibano, nikang'oa kitufe cha A, nikang'oa na swichi yake, nikaipuliza, nikairudisha. Hakuna. Nikaing'oa tena. Nikabaki nimeshika kiswichi kibovu, na kwenye kibodi kuna shimo.

"Basi, mwanangu," Mama Mdogo akasema. "Umejitahidi."

Mkono wa kulia wa Mwalimu ukainuka. Ukasogea polepole, ukashuka kwenye kitufe kimoja cha safu ya chini, ukakigonga. Kwenye kioo ikatoka *x*. Yule jamaa akashusha pumzi na kuinua begi. Mwalimu akagonga tena, *x*, halafu kidole kikatoka pale kikaenda kugusa lile shimo la A. Kikarudi kwenye X. Kikaenda kwenye shimo. Akaniangalia na yale macho yake ya darasani, ya kumwangalia mjinga wa dirishani.

X! Kiswahili kina kazi gani na X? Taja neno lako moja. Swichi yake ilikuwa nzima, haijaguswa na yeyote, na alikuwa ameniona naichomoa ya jirani yake kwa kibano. Nikaing'oa X, nikaisukumiza kwenye shimo, nikarudisha kitufe cha A juu yake. Nikabonyeza. *a*.

"Kafanya nini?" Mama Mdogo akauliza.  Begi lilikuwa limerudi chini.

Nikafuta zile x. Nikajitoa mbele. Mwalimu akauweka mkono, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, akaanza. Alikuwa anakwenda taratibu mno. Mkono unavuka, unafika kwenye A, unabonyeza, unarudi, unapumzika, unavuka tena. Mimi nilikuwa nasikia kila kitufe kinavyolia na nilikuwa najua herufi kabla haijatokea. Yule jamaa akasogea mpaka nyuma ya kiti. Akawa anasoma chini chini, anaunganisha kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipomaliza akasoma tena kwa sauti.

"Nakaa hapa."

Mwalimu akaweka nukta.

Mama Mdogo akashika mdomo kwa mikono miwili, akaketi sakafuni, akaanza kuita, "Dada. Dada. Kumbe upo, dada, kumbe ulikuwa unanisikia." Mimi machozi yalikuwa yananitoka wazi wazi na sikuona haya.

 Yule jamaa wa Nakapanya akazunguka kiti, akaja mbele, akavua kofia, akapiga goti moja pale kwenye saruji.

"Shangazi," akasema, "shikamoo."

Kidole kikaenda kwenye M. Tukasubiri wote mpaka akamaliza kumwitikia. Halafu jamaa akainuka, akatoka uwanjani, akaanza kufungua kamba za godoro.